Sukari imepanda, mama amenyamaza

SWALI: Daktari, habari. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Ahero. Ana sukari na presha, mwaka wa nne sasa. Tangu baba afariki mwaka juzi amekuwa mtu mwingine. Alikuwa anauza mchele sokoni, siku hizi hatoki. Chama ameacha. Saa tisa usiku yuko macho, amekaa kitandani. Ukimuuliza anasema "aol", yaani nimechoka, basi. Kliniki ya mwezi uliopita sukari ilikuwa 18, wakamwongezea dawa. Wiki jana nikifagia chumba chake nikakuta mkebe wa Blue Band uvunguni umejaa vidonge. Hajui kwamba nimeuona. Pasta anasema afunge na kuomba siku tatu. Kaka yangu anasema ni mawazo, apelekwe Russia, ile hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, kwa daktari wa akili, ila naogopa watu watasema amekuwa mwenda wazimu. Nianze na sukari au na mawazo? Na hizo dawa za akili si zitaharibu sukari? – Nyar Ahero

JIBU: Nyar Ahero, pole kwa msiba wa mzee, na pole kwa kuishi na siri hiyo ya uvunguni. Nitaanza na mkebe kabla ya swali lako lenyewe, maana ndio unaoweza kumdhuru mama wiki hii hii.

Tazama kilichotokea kliniki. Mama alifika akiwa hajameza dawa, pengine kwa wiki kadhaa. Akachomwa kidole, mashine ikasoma 18. Aliyemhudumia ana foleni iliyofika hadi kwenye benchi za nje. Akaona namba, akaamini dawa zimeshindwa, akaongeza. Hakuuliza, mama naye hakusema. Sasa kwenye daftari lake kuna dozi kubwa iliyokadiriwa kwa mwili ambao haukuwa na dawa yoyote ndani yake. Siku mama atakapoamua kumeza kila kitu kama kilivyoandikwa, au wewe utakapomsimamia kwa nguvu mpaka ameze, sukari inaweza kuporomoka.

Soma majina kwenye pakiti. Ukiona glibenklamidi, kuwa mwangalifu zaidi. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala, na kwa watu wa umri wa mama hukawia kutoka mwilini. Sukari ikishuka, mtu hutetemeka, hutokwa jasho jembamba, moyo humwenda mbio, maneno humchanganyikia. Ikishuka usiku anaweza kupoteza fahamu na nyumba nzima ikadhani amelala. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda, kisha chakula, kisha hospitali, kwa sababu sukari ya mtu aliyemeza glibenklamidi inaweza kushuka tena baada ya saa chache. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni. Mkimbize.

Ndiyo maana huko kufunga siku tatu nakukatalia. Sina ugomvi na pasta, nami huomba. Lakini mgonjwa anayemeza dawa za kushusha sukari hafungi kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Mwambie pasta aje nyumbani aombe naye, mama akiwa amekula uji.

Kwa hiyo usimlazimishe kesho asubuhi ameze dozi mpya yote, na pia usingoje tarehe ya kliniki. Sukari ya 18 bila dawa nayo inaua, polepole au ghafla. Mpeleke hospitali ya Ahero ndani ya siku mbili tatu, mseme ukweli kwamba amekuwa hamezi, wampangie upya. Akianza kutapika, kuhema haraka au kusinzia bila kuamshika kirahisi, ondokeni saa hiyo hiyo.

Kabla ya kwenda, zungumza naye kuhusu mkebe. Hapa wengi huharibu. Mtoto huingia na mkebe mkononi kama polisi aliyepata kidhibiti, mama anaaibika, kesho anabadilisha maficho. Mimi ningekaa naye jikoni mkichambua omena, nimwambie: mama, nimeona vidonge, sikuja kukugombeza, nataka kujua ni kipi kinachokushinda. Halafu ningenyamaza. Majibu ya watu hutofautiana sana. Kuna anayeficha metformini, dawa ya sukari, kwa sababu inamsokota tumbo na inamwendesha, na choo cha soko kiko mbali na meza yake. Huyo hubadilishiwa dawa au huambiwa ameze akishakula, mambo yakatulia. Kuna aliyechoka na idadi yenyewe, vidonge vinane kwa siku. Kuna anayebana matumizi, akimeza siku moja na kuacha moja ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Na kuna mzee mmoja wa upande wa Muhoroni aliyekuwa akivizika vyake kwenye shamba la miwa. Aliniambia haoni kwa nini ameze dawa ya kumrefushia siku ambazo hazitaki.

Ukisikia jibu la namna ya mzee huyo, ujue ugonjwa wa pili umeshaingia nyumbani.

Sasa swali lako: sukari au mawazo? Huwezi kutenga kimoja ukasubiri kingine. Mtu mwenye kisukari ana uwezekano wa karibu mara mbili ya mwenzake asiye nacho wa kupata sonona, yaani ule mfadhaiko mzito ambao sisi huku tunauita mawazo. Njia inapitika pande zote mbili. Aliye na sonona halali vizuri, hatembei, anakula ovyo au hali kabisa, anaacha dawa. Mwili wake unatoa kwa wingi homoni ya kotisoli, ambayo kazi yake mojawapo ni kupandisha sukari kwenye damu. Sukari nayo ikikaa juu inamchosha, inamnyima usingizi, macho yanafifia, miguu inawaka moto, na kila mwezi anaambiwa kliniki kwamba "hajitunzi". Nani asingekata tamaa?

Lakini si kila kinachofanana na mawazo ni mawazo, na hapa namtetea mama dhidi ya kaka yako, kidogo tu. Anapoamka saa tisa, hukaa tu, au huanza kwa kwenda msalani? Ukiwa na 18, mkojo wenyewe unakuamsha mara tatu au nne usiku, na asubuhi umechoka kama uliyelima. Huo ni usingizi ulioibwa na sukari. Akiamka bila haja yoyote na kukaa gizani akihesabu mambo, hilo linaelekea kwenye sonona. Pia mwambie anayemhudumia aangalie wingi wa damu na tezi ya shingoni, kwa sababu tezi ikilegea humfanya mtu mzito, mwenye baridi, asiyetaka neno. Na kama amemeza metformini miaka minne, ikumbukwe kwamba dawa hiyo kwa muda mrefu hupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi miguuni, kusahausahau na moyo mzito. Kipimo cha B12 hakipatikani kila maabara, ila dalili zikiwepo daktari anaweza kuamua kumpa. Kipimo cha VVU na cha kifua kikuu navyo viulizwe bila aibu. Ni mama wa miaka 61 wa bonde la Nyando, si malaika, na upande wetu huu magonjwa hayo hayajachagua umri.

Baada ya hapo kuna maswali mawili ambayo hata wewe unaweza kumuuliza. Katika wiki mbili zilizopita, umesumbuliwa mara ngapi na kukosa hamu ya kufanya mambo uliyozoea kuyafurahia? Na mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Hapana ni 0, siku chache ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Ikifika 3 au zaidi kwa jumla, kliniki imuulize maswali yote tisa ya dodoso liitwalo PHQ-9, ambalo alama zake huenda hadi 27, na kuanzia 10 tunaacha kusema "atazoea". Maswali hayo hayakuletwa huku kwa kubahatisha. Watafiti wa Eldoret waliyapima kwa wagonjwa wa VVU wa magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Yanafanya kazi kwa watu wetu.

Muulize kwa lugha yake. Mimi si daktari bingwa. Ni afisa wa kliniki wa afya ya akili, ingawa Kisumu nzima inaniita daktari na nimechoka kuwasahihisha. Katika miaka yangu yote sijaona mama wa Ahero aliyeingia akasema ana sonona. Wanasema kichwa kinagonga, joto linapanda utosini, moyo unaruka, mwili umekatika. Ukimuuliza kwa Kiswahili cha hospitali kama ana huzuni, atasema hapana. Muulize habari ya parruok, yaani kuwaza sana, au muulize chuny yake, yaani moyo wake, ikoje, uone kama hatashusha pumzi.

Na muulize jambo moja ambalo fomu haina: deni la matanga. Nimeona wajane wengi ambao kilichowakalia si kifo peke yake. Ng'ombe waliochinjwa, hema, gari la kubeba mwili, mikopo iliyochukuliwa kwenye chama kwa jina lake, halafu anaona haya kurudi kwenye chama hicho hicho. Wakati mwingine ni maneno ya shamba, au ya tero, yaani mjane kurithiwa, ambayo watoto hawaambiwi. Mama aliyeacha chama ghafla baada ya msiba, mimi huanza kuuliza hapo.

Tiba yake sasa. Ya kwanza ni mazungumzo, na simaanishi mahubiri. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kule Mbare, Harare, kuwafundisha akina nyanya wa afya ya jamii kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia. Washona wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sikia lilivyo karibu na mawazo yetu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa Kisumu pia, wahudumu wasio wataalamu wa akili wamefundishwa tiba ya mazungumzo inayogusa misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba bila daktari bingwa hakuna tiba, hajafuatilia. Uliza hospitali nani amefunzwa. Mara nyingi yupo, ni muuguzi fulani ambaye hakuna anayempelekea wagonjwa.

Ya pili ni vidonge, akivihitaji. Inayotumika sana ni fluoksetini. Haipandishi sukari; ikibadilisha kitu, huishusha kidogo, na ndiyo sababu vipimo vifuatiliwe zaidi wiki za mwanzo. Huchukua wiki mbili hadi nne, hata zaidi, kabla hajahisi nafuu, kwa hiyo asiiache siku ya kumi akisema haina kazi. Haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake kama wanavyosema mitaani, ila asiikate ghafla bila ushauri. Amitriptilini utaiona sana kwenye zahanati zetu, na kwa kiasi kidogo usiku husaidia miguu inayowaka. Lakini huongeza uzito, humfanya mtu ayumbe akisimama, si rafiki wa moyo mbovu, na akimeza nyingi kwa pamoja inaua. Kwa mama aliyekusanya mkebe wa vidonge, mimi nisingemkabidhi pakiti nzima. Dawa za akili zinazojulikana kwa kupandisha sukari na uzito ni za kundi lingine, olanzapini na jamaa zake, za mtu anayesikia sauti au kuona visivyokuwepo. Kwa ulivyoeleza, mama hayuko huko.

Je, kutibu vyote kwa pamoja kunazaa matunda, au ni maneno ya semina? Kunazaa. Huko Seattle, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwachukua wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari au ugonjwa wa moyo. Muuguzi mmoja alifuatilia sukari, presha, mafuta ya damu na alama za sonona za mgonjwa yule yule, na kila wiki akakaa na madaktari kupitia majina ya ambao hawajapata nafuu. Vyote viliboreka kuliko kwa wale wa huduma ya kawaida. Utasema hiyo ni Marekani. Sawa, mwaka 2020 India walichapisha wa kwao, watu 404, mpango wa aina hiyo hiyo, nao wakapata nafuu kwenye sonona pamoja na vipimo vya mwili. Siri ni yule muuguzi mwenye orodha, anayejua nani hakuja.

Na hili linaniuma. Sisi wa magharibi tunajua kuifanya kazi hiyo. Kliniki za VVU zilipojengwa, mgonjwa asipokuja alipigiwa simu, akafuatwa hadi nyumbani, akaulizwa nani ndani ya nyumba anajua hali yake. AMPATH, mpango wa afya wa Eldoret, ilianza na VVU mwaka 2001, baadaye ikaongeza sukari na presha, ikafika hata kujaribu kuunganisha kliniki hizo na vikundi vya kuweka akiba. Ila pengi bado ni milango miwili: huku sukari, kule akili, na kila mlango na faili lake. Mama yako akikosa kliniki ya sukari miezi mitatu, nani atampigia?

Basi wewe ndiye utakuwa yule muuguzi kwa muda. Chukua daftari lake la kliniki, ukurasa wa nyuma, uchore mistari: tarehe, sukari kabla ya kula, presha, alilala saa ngapi, alimeza nini kweli, na jambo moja alilofanya nje ya chumba. Hilo la mwisho nalo ni dawa. Lianze dogo, kama kukaa mlangoni asubuhi au kupepeta mchele wa jirani, siku nyingine amtembelee mweka hazina wa chama, au bora mweka hazina aje yeye. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu anapaswa kuwa na mashine ya presha na ya sukari kwenye mkoba waliopewa mwaka 2023. Mwombe apite kila wiki. Popote mtakapokwenda, ukurasa huo ufunguliwe mezani kwanza.

Kuhusu Russia: si lazima muanzie huko. Anzieni Ahero, mkapate rufaa alama zikiwa juu sana, au wiki sita za tiba zisipoleta nafuu, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka. Wa kusema watasema. Wakati mwingine huwaambia familia zijibu "tunakwenda kliniki ya sukari", na si uongo.

Kuna swali moja usiliogope. Mama, kuna wakati unatamani ufe, au unafikiria kujitoa uhai? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Wengi hushukuru kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa za kunyunyizia mpunga zitoke nyumbani ziende kwa jirani, na vidonge vyote uvitunze wewe. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Wala msifiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kile kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Mkebe wenyewe usiutupe, na usivirudishe vidonge kwenye pakiti. Utie kwenye mfuko uende nao hospitali, mama akiwa amekubali. Wavihesabu pale mezani, aina kwa aina, wajue ni tangu lini, na dozi mpya ianzie hapo.